Nimeona, Nimesikia, Nadhani

Ifrah aliponipigia simu kunieleza kwamba mamake amepasuliwa macho na upasuaji haukufaulu, swali lililonitoka kinywani lilinishangaza mwenyewe. Sikuuliza kama ana maumivu. Sikuuliza hata kama anakula. Niliuliza, "Anaweza kuona miguu ya chipu?" Ifrah akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kuuguza. "Aunti, hata mlango hauoni fiti. Lakini bado anafungua rimoti za majirani. Kila siku ananiuliza Feronika ako wapi." Jina langu ni Veronica, na kuna mtu mmoja tu duniani aliyeniita Feronika nikafurahi. Niliomba ruhusa ya siku tatu kazini, nikavuka daraja la Tana asubuhi na kioo cha gari kimeteremshwa, na joto likanipiga usoni kabla hata sijaona mji. Korongo walikuwa wamesimama palepale juu ya miti yao, wamekunja shingo, wakitutazama wapita njia kwa dharau ileile ya zamani. Nilijikuta nawaamkia kwa sauti. Nywele zangu zimeanza kuota mvi, nina mafundi sita chini yangu, na nilikuwa naamkia ndege.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana, na hasira ya mtu aliyepelekwa asikotaka. Sisi watu wa bara tulikaa pamoja jioni, tukala sukuma wiki iliyosafiri mbali kuliko sisi wenyewe, tukalalamika. Mwenzangu mmoja alikuwa amechora kalenda ya uhamisho ukutani kwa chaki, na kila jioni alifuta siku moja kwa kidole. Nami nikachora yangu. Katika maabara kulikuwa na mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, zawadi ya mfadhili fulani, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha. Basi siku moja akaingia mama mwembamba mwenye jilbabu ya kahawia, miwani imefungwa uzi wa kushonea kwenye mkono mmoja. Alijitambulisha: Sahra, karani wa masjala katika ofisi ya mifugo. P yake ilitoka b, v yake ikatoka f, na hakuomba radhi kwa yoyote kati ya hizo.

"Mwalimu mkuu amesema iko mashini hapa ya kuona umeme. Inafanya kazi?"

"Sidhani," nikajibu.

"Umejaribu?"

"La."

"Basi si kwamba hudhani. Hujui." Akaweka begi lake mezani. "Kutojua si fibaya. Tuwashe."

Tuliiwasha. Mstari wa kijani ukajichora kwenye kioo, umetulia, na mimi niliyekuwa nimekaa nao chumba kimoja miezi mitatu nikaona haya. Alitoa begini bodi ya taa ya sola, ndogo kuliko kiganja, akaigusisha waya mbili, na ule mstari ukaanza kurukaruka. "Unaona? Inaongea," akasema, na uso wake, ambao haukuwa wa kucheka ovyo, ukafunguka. Nilimpenda pale pale. Nasema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilipenda elektroniki kwanza, yeye baadaye.

Nyumba yake ilikuwa ndani ya bulla, mtaa wa Wasomali nyuma ya soko, vyumba viwili vya mabati na kimoja cha mawe, na hicho cha mawe ndicho kilikuwa chuo kikuu changu. Leo nikifumba macho nakiona: mkeka wa plastiki wa rangi ya samli, cherehani iliyosukumwa ukutani ili meza yake ifanye kazi nyingine, kopo la uunsi, ubani wa Kisomali, likifuka pembeni, na laptopu kuukuu iliyokalia sinia la bati, chini ya sinia gunia bichi, kwa sababu bila hivyo ilizimika ifikapo saa sita kwa joto. Vitabu vya maelezo ya chipu alivipakua kwenye intaneti ya saiba na kuvichapisha nyuma ya fomu za zamani za chanjo, kwa hiyo ukisoma habari za umeme upande mmoja, upande wa pili ulipata mbuzi arobaini wa fulani wamechanjwa. Alinilisha wali na nyama, na ndizi mbivu pembeni. Siku ya kwanza niliiacha ile ndizi nikidhani ni ya mwisho, yeye akaacha kula, akanitazama mpaka nikaelewa kwamba huku ndizi hukatwa na kuliwa pamoja na wali. Tangu hapo siwezi kula wali mtupu. Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yenye iliki na tangawizi na harufu ya moshi wa kibuyu, na aliimimina kabla hujamaliza kusema umeshiba.

Hakuwa fundi wa kuuza kazi. Ukimletea redio aikarabati alikupa majina ya mafundi watatu mjini. Alichopenda ni kuhoji. Alinieleza kwamba karibu kila chipu ya kutawala mitambo, iwe ya taa au ya mita ya maji, watengenezaji wameiachia mlango wao wa nyuma: vitundu vinne au vitano vidogo pembeni mwa bodi, mara nyingi havina hata jina. Kitundu kimoja kinapitisha pigo la mwendo, kingine kinachukua maneno. Ukiunganisha hapo kijidude kiitwacho dibaga, unaweza kuisimamisha chipu katikati ya kazi, ukaiuliza imeshika nini mkononi, imetoka wapi, ilikuwa inakwenda wapi. Dibaga yake aliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye bodi ya mafunzo iliyovunjika, akaitia ndani ya kikopo cha dawa ya mifugo. Majirani walisema Sahra anaongea na rimoti. Walisema kwa upole, lakini walisema, na yeye alisikia.

Na njia yake ya kuhoji haikutoka kwenye vitabu. Huko malishoni, alinifundisha, watu wawili wakikutana hawaachani kabla ya kupeana habari. "Warran," mmoja anasema, yaani toa habari, na mwenzake anaitoa yote: ametoka wapi, majani ya huko yakoje, kisima gani kina maji, ngamia wanaugua nini. Hajibu "kwema tu" kama sisi tunavyojibu huku nyumba inaungua. Mtu atahamisha mifugo yake yote kwa kufuata maneno hayo, kwa hiyo mtoa habari hutenga alichoona kwa macho yake, alichoambiwa, na anachokisia tu. Sahra alikuwa na daftari lenye safu tatu kila ukurasa: Nimeona, Nimesikia, Nadhani. Kila tulipounganisha dibaga kwenye bodi mpya alisema "Warran," kwa heshima, kana kwamba chipu ni mgeni aliyeingia na vumbi miguuni, kisha akaandika. Nikiropoka "kapasita imekufa," aliinua kalamu. "Umeona, ama unadhani?" Mara mia mbili mwaka ule. Nilianza kuota swali hilo. Kalenda yangu ya chaki ukutani nikaisahau, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeamua kuolewa huku.

Kiangazi kilipozidi ikaja bodi ya Hassan. Hassan alikuwa mtunza pampu wa kisima kimoja upande wa Hulugho, binamu wa Sahra kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa. Pampu ya sola ilikuwa imegoma. Waliouza mtambo walisema fundi atafika baada ya wiki kadhaa, na familia zilizokuwa pale zilikuwa zinavuta maji kwa kamba kwenye kisima kifupi kilichobakia tope. Hassan aliing'oa bodi, akaifunga kwa shuka, akaipakia kwenye lori la mbuzi waliokuwa wanaletwa soko la Jumatano. Ilifika ikinuka mbuzi. Vitundu vyake vitano vilikuwa vimezibwa kwa gundi nyeusi. Sahra aliikwangua kwa sindano ya cherehani saa nzima, bole bole, akatafuta kwa mita kitundu cha umeme na kitundu cha ardhi, akaunganisha. Chipu ikajibu kwa namba yake. "Iko hai," akasema. Akampigia Hassan hapohapo, kwa Kisomali, nami nilikuwa nimeshajua cha kutosha kusikia maneno mawili yakirudiwa, kuhama na kukaa. Hassan aliuliza wahame au wakae. Sahra akamwambia wakae, siku mbili tatu. Kisha ikaadhiniwa alasiri. "Usiguse kitu, naswali," akaniambia, akaenda chumba cha pili.

Niligusa. Nataka niseme kwa nini, na sababu haipendezi: nilitaka akirudi anikute nimefika mbele yake. Niliiagiza kompyuta isome kumbukumbu ya chipu. Ikakataa, ikasema chipu imefungwa, je, niondoe kufuli? Nilikuwa nimesoma mahali kwamba chipu iliyofungwa lazima ifunguliwe. Sikuwa nimesoma mstari uliofuata, kwamba kufuli hiyo ikitolewa chipu hujifuta yote, ili siri za mwenyewe zisiibwe. Nikabonyeza Ndiyo. Kwa sekunde mbili nilijiona stadi. Halafu kumbukumbu ikafunguka mbele yangu, na kutoka juu mpaka chini ilikuwa FF, FF, FF, ukurasa baada ya ukurasa. Hivyo ndivyo chipu huandika utupu. Programu yote ya kisima cha Hassan ilikuwa imekwenda. Nikasikia Sahra akikunja mswala. Alipoingia akasema, "Warran."

"Nimeisoma," nikasema. "Ni tupu."

Kila neno lilikuwa kweli. Akaandika chini ya Nimeona: tupu. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu ilichukua siku tatu, na siku hizo zilihesabiwa kwa maji. Kwa sababu kama chipu imejifuta yenyewe, Sahra alifikiri, basi kuna kilichoifuta, na hakuna maana ya kujaza mtungi kabla hujajua unavuja wapi. Alhamisi alipima umeme wote wa bodi. Ijumaa alirudi kutoka msikitini, hakugusa chakula, akaandika maneno machache ndani ya chipu, akaipasha bodi joto kwa pasi ya mkaa aone kama yatafutika tena. Nilimshikia waya. Nilimmiminia chai. Nilimwona akiandika ukurasa mzima wa safu ya Nadhani, maandishi yake madogo yaliyonyooka, na kila dhana ilikuwa ya busara, na kila moja ilisimama juu ya uongo wangu. Usiku sikulala, si kwa sababu ya joto.

Jumamosi asubuhi, tukila anjera, chapati laini za Kisomali, na chai, Hassan akapiga. Sauti yake ilikuwa juu; nilisikia yale maneno mawili tena, kuhama, kukaa, na jina la Mama Fatuma, mjane aliyekuwa pale na ng'ombe wake wachache. Sahra aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kujitetea.

"Feronika. Hawa watu walifunika mlango na gundi. Mtu anafunika mlango na gundi halafu anaacha bila kufuli? Wewe ulikuwa hapa. Chibu ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa imefungwa," nikasema. "Nikaondoa kufuli. Ikajifuta. Ni mimi."

Sikumbuki kama nililia kabla au baada. Nakumbuka kwamba aliweka chini tonge la anjera, kisha akatoa kiganja kwenye simu. Na maneno aliyomwambia Hassan niliyaelewa yote, maana aliyasema polepole, moja moja: habari niliyokupa haikuwa kamili. Kosa limetoka katika nyumba yangu. Mwenye ndama ahame leo. Wenye ngamia wanaweza kungoja. Hakusema "msichana wa shule." Hakusema "yule Mkamba." Alisema nyumba yangu. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, wenye shahada zinazojaza ukuta, na sijaona mwingine aliyelibeba kosa la mdogo wake namna ile, bila kulipamba na bila kunikaripia jioni.

Alipokata simu akafungua daftari, akapiga mstari kwenye kurasa mbili za Nadhani, akanisukumia kalamu. "Andika. Hiyo sasa ni habari." Niliandika chini ya Nimeona, kwa mkono wangu: nilibonyeza Ndiyo. Akasoma, akaitikia kwa kichwa. "Haye. Sasa tunajua bodi si mgonjwa. Nusu ya kazi imeisha."

Nusu ya pili ilikuwa kuandika programu upya bila kuwa na hata mstari mmoja wa ile ya kwanza, na hapo ndipo nilipomjua Hassan. Sahra alimpigia tena. "Warran," akamwambia, "niambie bampu yote, tangu siku ya kwanza." Na mtu huyo ambaye hajawahi kuona dibaga akatoa habari ya mtambo kama anavyotoa habari ya malisho. Asubuhi haiwaki jua likichomoza, inangoja mpaka kivuli cha nguzo kifike kwenye jiwe la pili. Inaanza kwa kunguruma chini chini, inahesabu kama pumzi kumi, ndipo inashika nguvu. Kisima kikipungua, taa nyekundu inapepesa mara tatu, pampu inazima, inangoja muda wa kukamua ngamia wawili, inajaribu tena. Wingu likipita haizimi mara moja. Alisema lipi ameliona mwenyewe na lipi aliambiwa na mlinzi wa usiku. Sahra aliandika Kiswahili na Kisomali vimechanganyika, mimi nikageuza kuwa programu, na kila nilipokwama nilipiga simu kumuuliza Hassan. "Hiyo nimeona, aunti," alinijibu kwa Kiswahili chake cha mashaka, au, "Hiyo mimi nadhania tu, usiandike." Programu ile iliandikwa na macho yake. Sisi tuliichapa tu.

Jumatatu tuliipakia kwenye chipu, na haikuwasha mota ya majaribio. Sahra akaisimamisha kupitia vile vitundu, akaiuliza, nayo ikasema: nimeambiwa kisima kimekauka. Tukafuata njia ya waya wa kupima maji mpaka kwenye kishikizo chake pembeni ya bodi. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Hapo ndipo tulipojua kwamba programu ya kwanza, ile niliyoifuta, haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inapelekewa habari mbovu na kishikizo, ikaiamini, ikakataa kuwasha. Sahra alikisugua kwa mswaki wa zamani wa Ifrah na mota ikazunguka. Kazi ya nusu saa. Nilikaa chini kwenye mkeka. Yeye akacheka, akacheka mpaka akavua miwani, na kwa kuwa alicheka, nikaweza kusimama.

Lori lililorudi Hulugho liliibeba. Jumatano saa nne Hassan alipiga, akaweka simu karibu na bomba. Chumbani palijaa mlio wa maji yakigonga birika la saruji na ngamia wakigombana. Kisha Sahra akamwambia atoe habari yote, na akaweka simu katikati yetu ili nisikie. Ndama wawili wa Mama Fatuma walikufa njiani Jumamosi ile, walipohama wakiwa wamechelewa. Siku mbili mapema wangefika. Sahra hakunitazama. Aliandika ndama wawili chini ya Nimesikia, akafunga daftari, akanimiminia chai. "Kunywa, Edo," akasema. Mimi ndiye nilikuwa nikimwita Edo, shangazi, tangu mwezi wa pili. Lakini kwao shangazi humrudishia mwana jina lilelile, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kunirudishia.

Niliyakumbuka haya yote nikivua viatu mlangoni kwake wiki iliyopita. Chumba cha mawe kimepakwa rangi, cherehani haipo, uunsi ni uleule. Edo alikuwa mkekani, bandeji imetolewa, macho yameelekezwa mahali ambapo sauti yangu ilitoka. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akasema nimenenepa, akamwamuru Ifrah alete wali na ndizi. Kabla wali haujafika alivuta kikopo cha dawa ya mifugo kutoka chini ya mto, na bodi ya mita ya maji ya jirani. Vidole vyake vilikwishavipata vitundu. Nikachomeka waya nilivyoelekezwa, nikafungua laptopu yangu.

"Warran," akasema.

Nilitazama kioo. Chipu ilikuwa imejibu, kisha ikanyamaza. Nilitaka sana kumpa habari njema, jinsi ulivyo tayari kusema chochote mbele ya mgonjwa umpendaye. Ulimi ulikuwa umeshaanza. Nikatazama chini, nikaona waya mwekundu umelala mkekani, na mkono wangu mwenyewe juu yake.

"Nimechomoa waya, Edo," nikasema. "Ni mimi. Chipu haina neno."

"Umeona, ama unadhani?"

"Nimeona."

Akaegemea ukuta, akafumba yale macho yasiyomsaidia tena, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta milango yote imefungwa fizuri, kama angesema mwenyewe, na hakuna kilichoibwa.

"Basi na mimi nimeona," akasema. "Rudisha waya, Edo. Endelea."